Namna Mhitimu Mpya Anavyoweza Kupata Utarajali wa Umeneja wa Bidhaa: Mwongozo Kamili kwa Dar es Salaam na Nairobi

Mhitimu anayefungua tovuti za ajira kila asubuhi akitafuta tangazo la utarajali lililoandikwa waziwazi kuwa ni la umeneja wa bidhaa anaweza kumaliza miezi mitatu jijini Dar es Salaam bila kuona hata moja, na akiwa Nairobi ataona machache yanayogombewa na umati. Kazi yenyewe ipo. Ila kampuni nyingi za teknolojia katika miji hii miwili zina meneja wa bidhaa mmoja au wawili tu, ambao hawana muda wa kumfundisha mtu tangu herufi ya kwanza, na kwa hiyo humchukua yule ambaye tayari ameonyesha kipande kidogo cha kazi hiyo kabla hata ya kuajiriwa. Ndiyo maana mwongozo huu unageuza utaratibu uliozoeleka: kazi inatangulia, maombi yanafuata. Kwa mtu asiye na ajira nyingine, wiki sita hadi nane zinatosha kuzipitia hatua zote.

Kwanza tuelewane kuhusu neno. Utarajali ninaouzungumzia ni kipindi cha mafunzo kazini kwa mtu aliyekwisha kuhitimu. Si yale mafunzo kwa vitendo ambayo mwanafunzi wa Tanzania huyaita fildi na mwenzake wa Kenya huyaita atachimenti, ambayo huhitaji barua ya chuo na huhesabiwa katika masomo. Tofauti hii huwagharimu wengi, hasa wanaoomba nafasi za kampuni kubwa za nje, kwa kuwa mara nyingi utarajali wa huko ni wa wanafunzi ambao bado wako chuoni, ilhali aliyehitimu hutakiwa kuomba mpango wa mameneja wasaidizi wa bidhaa, kama ule ambao Google iliuanzisha mwaka 2002 na ambao kampuni nyingine nyingi zimeuiga. Soma sharti la tarehe ya kuhitimu kabla ya kusoma kitu kingine chochote katika tangazo.

Hatua ya kwanza: elewa kazi yenyewe

Cheo cha meneja wa bidhaa kina sura zaidi ya moja. Katika benki kimekuwapo kwa miaka mingi, na anayekishika husimamia aina fulani ya akaunti, kadi au mkopo. Katika kiwanda cha sabuni au vinywaji kiko karibu zaidi na masoko. Katika kampuni ya teknolojia, meneja wa bidhaa ndiye anayeamua, pamoja na wahandisi na wabunifu, ni tatizo gani la mtumiaji litatuliwe sasa, lipi lingoje, na watajuaje kwamba limetatuliwa. Hawaamrishi wahandisi, kwa sababu kwa kawaida si mkuu wao. Silaha yake ni ushahidi na maelezo yanayoeleweka.

Mfano bora kabisa uko mikononi mwetu kila siku. Mwaka 2005 Vodafone na Safaricom walianza jaribio nchini Kenya, likiongozwa na Nick Hughes na Susie Lonie, ambalo lengo lake lilikuwa kuwawezesha wakopaji wa taasisi ya mikopo midogo kulipa marejesho yao kwa simu. Walipowatazama watu waliokuwa katika jaribio hilo, waliona kwamba walikuwa wakiutumia mfumo kwa mambo mengine kabisa: kutumiana fedha, kulipana, kupeleka kitu kwa jamaa aliye mbali. Huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 2007 kwa jina la M-Pesa, suala la marejesho ya mikopo lilikuwa limewekwa kando na ujumbe mkuu ukawa kutuma pesa nyumbani. Msomaji azingatie kilichotendeka hapo. Waliokuwa na wazo zuri walikubali kuliacha kwa sababu walikuwa wamewatazama watumiaji kwa macho yao. Uwezo huo wa kutazama na kuacha ndio anaoutafuta msaili, na ndio unaopaswa kuuonyesha.

Hatua ya pili: chagua bidhaa moja na uwatazame watu wakiitumia

Usichague bidhaa inayokupendeza tu, na usichague programu ya Marekani ambayo hujawahi kumwona mtu akiitumia mtaani kwenu. Chagua huduma ambayo ukitembea nusu saa utakutana na watu kumi wanaoitumia: kununua umeme, kuita bodaboda, kulipa ada ya shule, kukopa kwa simu. Hatua hii ndiyo ndefu kuliko zote, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo.

Tuchukue ununuzi wa umeme wa LUKU nchini Tanzania, jina ambalo kirefu chake ni Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Mnunuzi anahitaji namba ya mita yenye tarakimu 11, na akishalipa hupokea tokeni ya tarakimu 20 ambayo huiingiza kwenye mita. Ukimuuliza mtu yeyote, atakwambia kwamba kununua umeme kwa simu ni rahisi. Sasa kaa kwenye benchi la wakala, kwa ruhusa yake, na umwombe mama mmoja anunue mbele yako.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba ununue kama unavyonunua siku zote. Mimi nitatazama tu, sitakusaidia wala kukukosoa."

Anatoa kava la simu. Ndani yake mna kipande cha karatasi kilichokunjwa, kimechakaa kwenye mikunjo, na juu yake imeandikwa namba ya mita kwa kalamu ya wino. Anaiweka karatasi juu ya meza, anaandika tarakimu nne, anarudi kwenye karatasi, anaandika tatu, anarudi tena, na wakati anatafuta alipoishia menyu inakatika kwa kuwa muda umekwisha. Anaanza upya bila kulalamika. Ukimuuliza kama amepata shida, atasema hapana. Akifika nyumbani atamwita mjukuu amsomee zile tarakimu 20, nne nne, huku yeye akibonyeza.

Kile kikaratasi ni ugunduzi mkubwa kuliko majibu ya dodoso la watu mia moja. Kinakuonyesha kwamba mtumiaji ametengeneza mwenyewe kitu ambacho bidhaa haikumpa kwa njia anayoweza kuifikia. Andika hayo yote kama yalivyotokea, pamoja na maneno yake kwa Kiswahili bila kuyatafsiri. Waraka wako huenda ukaandikwa kwa Kiingereza, maana ndiyo lugha ya ofisi nyingi za namna hii, lakini maneno ya mtumiaji yaache kama alivyoyasema. Hapa mhitimu wa kwetu ana faida ambayo mshauri aliyetoka mbali hana.

Ukimaliza kutazama, uliza kuhusu mara ya mwisho, usiulize kuhusu maoni. "Mara ya mwisho ulinunua umeme lini, na ilikuwaje?" ni swali zuri. "Je, ungependa programu inayokukumbushia umeme ukikaribia kwisha?" ni swali baya, kwa sababu watu wetu wana adabu, na mtu mwenye adabu hawezi kumwambia kijana aliyemwamkia vizuri kwamba wazo lake halina maana. Atasema ni zuri sana, Mungu akubariki, na wewe utarudi nyumbani na ushahidi usio ushahidi.

Watazame watu wanane hadi kumi na wawili, wa rika na simu tofauti. Usiandike majina yao, namba zao za simu, wala namba za mita, na usipige picha ya skrini yenye salio. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na msaili makini akiona namba ya mtu katika waraka wako ataona pia kwamba huwezi kuaminiwa na takwimu za wateja wake.

Jifunze pia mipaka ya chombo chenyewe. Ujumbe mmoja wa menyu ya USSD, yaani ile inayoanza kwa nyota na kuishia kwa alama ya reli, hauzidi herufi 182, nafasi na alama zote zikiwemo. Kiswahili hurefuka kuliko Kiingereza katika maelekezo mengi, na kwa hiyo anayependekeza kuongeza mstari mmoja kwenye menyu hana budi kusema ni mstari upi utaondoka. Jaribu kuiandika menyu uliyoitazama upya ukiwa na herufi hizo 182 tu. Zoezi hilo la nusu saa linafundisha zaidi ya kozi nyingi ninazoziona zikiuzwa.

Hatua ya tatu: andika waraka wa kurasa mbili

Waraka huu ndio kiini cha maombi yako. Ukurasa wa kwanza ueleze tatizo: ni nani analipata, lini, umeliona kwa watu wangapi kati ya wangapi, na sasa wanajisaidiaje. Ukurasa wa pili ueleze mapendekezo mawili au matatu, uliyoyachagua na uliyoyaacha, sababu za kuchagua, kipimo kitakachoonyesha kama umefaulu, na jambo linaloweza kuharibika. Sehemu ya uliyoyaacha ndiyo inayosomwa kwa makini kuliko nyingine, ingawa waombaji wengi hawaiandiki kabisa.

Ili kupanga vipaumbele, unaweza kutumia kanuni ya RICE, ambayo huzidisha idadi ya watakaofikiwa, uzito wa athari na kiwango cha uhakika, kisha hugawa kwa kazi inayohitajika. Tuseme pendekezo la kwanza, la kuhifadhi namba ya mita, litawafikia watu 4,000 kwa mwezi, lina athari ya 2, uhakika wa asilimia 80 na kazi ya miezi miwili ya mhandisi mmoja. Jibu ni 4,000 mara 2 mara 0.8, kugawa kwa 2, yaani 3,200. Pendekezo la pili, la ujumbe wa kukumbusha, litawafikia watu 20,000 lakini lina athari ya 0.5, uhakika wa asilimia 50 na kazi ya miezi minne, na hivyo linapata 1,250. La kwanza linashinda ingawa linawafikia watu wachache zaidi. Eleza wazi kwamba namba hizo ni makadirio yako na umeyapataje, kwani anayesoma anazo namba halisi na atatambua mara moja ukijifanya unazijua.

Mpe waraka huo mtu asiye wa fani yako, ndugu au jirani, halafu mwombe akueleze alichoelewa. Akishindwa kutaja tatizo kwa sentensi moja, rudi ukaandike upya.

Hatua ya nne: ujuzi wa vyombo, bila kupitiliza

Unahitaji kulijua jedwali la Excel kiasi cha kupanga, kuchuja na kujumlisha takwimu kwa makundi. Unahitaji SQL ya msingi, kiasi cha kuuliza hifadhidata ni wateja wangapi walianza malipo na wangapi waliyamaliza. Unahitaji kuweza kuchora skrini tatu katika Figma, programu ya kubunia sura za programu nyingine. Haya yote yana mafunzo ya bure mtandaoni, na binafsi sishauri mhitimu asiye na kipato kukopa fedha kulipia cheti cha umeneja wa bidhaa. Sijawahi kumwona aliyepewa nafasi kwa sababu ya cheti hicho, na nimewaona kadhaa waliopewa kwa sababu ya waraka mzuri.

Uandishi wa programu si sharti. Hata hivyo, lazima uelewe maana ya API, yaani njia ambayo mifumo miwili ya kompyuta hutumia kuwasiliana, kwa mfano kwamba duka la mtandaoni la Kenya linalopokea malipo ya M-Pesa moja kwa moja huunganishwa kupitia mfumo wa Safaricom uitwao Daraja, na kwamba malipo yanaweza kukatwa kwa mteja kabla taarifa haijafika dukani. Ukielewa pengo hilo dogo la sekunde chache, utaelewa nusu ya malalamiko yanayofika huduma kwa wateja.

Hatua ya tano: tafuta milango, hata isiyoandikwa jina lako

Andaa orodha ya kampuni 20 hadi 25. Changanya benki zenye idara za huduma za kidijitali, kama CRDB, NMB, Equity na KCB. Kampuni za simu. Kampuni za malipo na mikopo kama Selcom, NALA na M-KOPA. Kampuni za ugavi wa chakula na usafirishaji. Na kampuni changa zinazoonekana kwenye vituo vya ubunifu, kama iHub ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2010, au Buni Hub iliyo chini ya COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, jijini Dar es Salaam. Katika kila moja tafuta jina la anayesimamia bidhaa, si la afisa rasilimali watu peke yake.

Usidharau milango ya pembeni. Nafasi ya mchambuzi wa biashara, ya upimaji wa programu au ya huduma kwa wateja ndani ya kampuni ya teknolojia inakuweka karibu na takwimu na malalamiko, na mara nyingi ndiyo njia fupi zaidi kuingia timu ya bidhaa. Kwa upande wa serikali, Tanzania ina mpango wa mafunzo ya uzoefu wa kazi kwa wahitimu unaoratibiwa na TaESA, chombo cha serikali cha huduma za ajira, na Kenya ina mpango wa utarajali wa miezi 12 unaosimamiwa na Tume ya Utumishi wa Umma. Huko hutaitwa meneja wa bidhaa, lakini ukipangiwa kitengo cha mifumo ya huduma kwa wananchi utakutana na watumiaji wengi kuliko kampuni changa yoyote.

Anayekuomba fedha za usajili, za fomu au za sare ili akupe nafasi ni tapeli, hata akiwa na nembo na ofisi ghorofani.

Hatua ya sita: ujumbe na wasifu

Wasifu uwe ukurasa mmoja. Badala ya kuandika kwamba ulikuwa katibu wa chama cha wanafunzi na una uwezo mkubwa wa kuongoza, andika kwamba uliona foleni ya kujisajili ikichukua saa tatu, ukaigawa kwa idara, na siku iliyofuata ikachukua dakika arobaini, ikiwa hayo ndiyo yaliyotokea. Karibu kila mhitimu ana jambo la namna hii: duka la mama alilolitengenezea daftari la madeni, kundi la WhatsApp la michango ya harusi alilolisimamia, mradi wa mwaka wa mwisho uliotumiwa na watu halisi.

Ujumbe unaoambatana nao usizidi mistari sita. Kwa mfano: "Habari za kazi. Nimehitimu takwimu Julai mwaka huu. Kwa wiki tatu nimewatazama watu kumi wa Tandika na Mbagala wakilipia huduma kwa simu kupitia mfumo wenu, na saba kati yao walikwama mahali pamoja. Nimeandika kurasa mbili kuhusu hilo, nimeziambatanisha. Ninaomba dakika ishirini za muda wako, na kama mna nafasi ya utarajali ningependa kufikiriwa." Huo unatosha. Usimwite msomaji gwiji, usieleze ndoto zako za utotoni, na usimkosoe aliyetengeneza bidhaa, kwa sababu huenda ndiye unayemwandikia.

Usipojibiwa baada ya siku kumi, mwandikie tena mara moja, ukiwa na jambo jipya uliloliona, si swali la kama ameusoma ujumbe wa kwanza.

Hatua ya saba: usaili

Maswali hujirudia. Utaulizwa bidhaa unayoipenda na ungeiboreshaje, utapewa makadirio kama idadi ya safari za bodaboda kwa siku katika kata moja, na karibu kwa hakika utapewa swali la namba iliyoporomoka: "Jumatatu malipo yameshuka kwa asilimia 20. Ungefanya nini?"

Waombaji wengi hukimbilia suluhisho, wakapendekeza punguzo au tangazo. Jibu zuri huanza kwa kuuliza kama namba yenyewe ni sahihi, na inalinganishwa na Jumatatu ipi. Kisha huangalia kalenda: ni katikati ya mwezi, kabla ya mishahara? Ni Ramadhani, ambapo matumizi ya mchana huhamia jioni? Wiki iliyopita ilikuwa ya kufungua shule, na hivyo ndiyo iliyokuwa juu isivyo kawaida? Baada ya hapo hugawanya: ni mtandao mmoja wa simu au yote, ni toleo jipya la programu au hata la zamani, ni mkoa mmoja au nchi nzima, na watu wanapotea kwenye hatua gani kati ya kufungua menyu na kuweka namba ya siri. Sema kwa sauti kila unapoondoa uwezekano mmoja, na useme kwa nini. Msaili hakutarajii ujue kilichotokea. Anatazama kama unatafuta kwa mpangilio.

Ukiulizwa kuhusu waraka wako na msaili akakuonyesha kosa, likubali. Niliwahi kumsaili kijana aliyejibu, "Hilo sikuliona, kama ni hivyo basi pendekezo langu la pili linakufa, na la tatu linapanda." Alianza kazi wiki iliyofuata.

Hatua ya nane: masharti kabla ya kusaini

Omba barua yenye muda wa utarajali, ambao kwa kawaida ni miezi mitatu au sita, kiasi cha posho na tarehe ya kulipwa, na jina la atakayekusimamia. Uliza kama nauli na bando vimo ndani ya posho hiyo au vinalipwa kando, kwa sababu mtu anayetoka Kibaha kwenda Masaki kila siku anaweza kujikuta anailipa kampuni ili afanye kazi. Utarajali usio na posho kabisa unaweza kuukubali kwa miezi miwili tu, na iwapo utaketi na timu ya bidhaa yenyewe. Kama utapewa kazi ya kuingiza takwimu pekee, shukuru kwa adabu na uendelee na orodha yako. Uwe na namba ya NIDA na TIN ukiwa Tanzania, au kitambulisho na PIN ya KRA ukiwa Kenya, ili malipo ya kwanza yasicheleweshwe na karatasi.

Suala la kubakizwa liulizwe mapema, si wiki ya mwisho. Kwa utarajali wa miezi mitatu, wiki ya tano inafaa: mwombe msimamizi akutajie jambo moja ambalo ukilikamilisha litamfanya akutetee kwa mkuu wake, liandike mbele yake, kisha mtumie jioni hiyohiyo kwa barua pepe.